Toleo Lililokwisha Muda

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimetoka mkutanoni. Mara ya tatu mwaka huu! Februari niliandika. Aprili nikaandika tena, nikachora na picha ili hata asiyejua kompyuta aelewe. Leo nimesimama mbele yao nikawaonyesha kalenda ukutani: tarehe 31 Agosti toleo la jukwaa la kompyuta tunalotumia linafika mwisho. Waliolitengeneza wanaacha kulishughulikia. Likitokea tundu la kuingilia wezi, hakuna wa kuliziba.

Fabian, mkuu wa idara yetu, aliuliza swali moja tu. Mfumo unafanya kazi leo? Nikasema unafanya. Akasema basi tuingie ajenda ya pili.

Ajenda ya pili ilikuwa rangi ya fulana za kupokelea wageni.

Mama huwaambia majirani kule Bungoma kwamba binti yake Naswa anasimamia kontena Kisumu. Wanadhani niko bandarini na kreni. Nimeacha kumsahihisha, hayuko mbali sana na ukweli. Kila programu yetu imefungwa ndani ya kontena yake: kadi za wagonjwa, maabara, stoo ya dawa. Jukwaa ndilo linaloamua kontena ipi ikae kwenye mashine ipi, na moja ikianguka linaiinua mahali pengine. Kliniki ishirini na sita, kuanzia Kisian kufuata ufuo mpaka lami inapoishia. Zote zimekaa juu ya kitu kimoja. Na watu wazima wanabishana, bluu au kijani.

Alhamisi, 7 Agosti

Barua pepe kutoka kwa Fabian, nakala kwa kila mtu. Hakuna kugusa mfumo wowote mpaka wageni wafadhili waje na waondoke. Watakuja katikati ya Septemba. “Utulivu kwanza,” ameandika.

Utulivu gani? Hili jukwaa huwezi kuliruka kutoka chini hadi juu kwa hatua moja. Tuko nyuma ngazi tatu, na lazima upande ngazi moja, upime, upande ya pili, upime. Nilikuwa nimepanga Jumamosi tatu za asubuhi, kliniki zikiwa na watu wachache. Jumamosi tatu tu nilizoomba.

Wachira anajua haya yote. Tunakaa meza moja mwaka wa nne sasa, na hesabu ya hizo ngazi tuliipiga pamoja. Jumatatu nilipomtazama aniunge mkono, alikuwa anasoma simu. Leo nimemuuliza mbona. Akasema ana mtoto anayeanza shule ya sekondari Januari na hataki maneno na bosi.

Mimi ndiye napenda maneno na bosi?

Jumanne, 12 Agosti

Nilikuwa Kisian, kubadilisha kifaa cha mtandao. Sista Perez, muuguzi msimamizi, alinipikia chai kabla sijafungua hata begi. Huyu mama ndiye wa kwanza kuukubali mfumo wetu. Wengine walikuwa wanaficha kompyuta kabatini, yeye alikaa jioni na kidole kimoja akaingiza wagonjwa elfu mbili kutoka kwenye faili.

Alinionyesha kabati zilizokuwa za faili. Sasa zimejaa pamba na bandeji. Faili za zamani ziliharibiwa na mchwa, zilizobaki zikachomwa kwa ruhusa ya ofisi. Kadi ya mgonjwa iko kwenye skrini, haiko mahali pengine popote duniani.

Kisha akaniuliza, akiwa anakoroga sukari. Amesikia kuna kitu kinaisha mwezi huu. Wawe na wasiwasi?

Nilikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia, Sista, chapisha orodha ya wagonjwa wako wenye hatari, wale wa presha, wa seli mundu, wale ambao dawa fulani zinawadhuru. Iweke kwenye droo. Kazi ya siku mbili. Lakini tumekatazwa kuzungumza na kliniki bila idhini ya Fabian, na mimi, mwenye mdomo mkubwa mkutanoni, nikasema:

“Hakuna shida, Sista. Tunaishughulikia.”

Akasema sawa nyaminwa, dada yangu, wewe ukisema mimi naamini.

Nilirudi nimekasirika. Nilipita soko la Otonglo nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikagombana na mwenye nyanya.

Ijumaa, 29 Agosti

Fabian hakunikataza kugusa mashine za majaribio. Kwa hiyo nimezigusa. Mimi na Wachira tumepandisha ngazi ya kwanza huko pembeni, na programu ya maabara ikakataa kuwaka. Inazungumza na jukwaa kwa njia ya zamani ambayo toleo jipya limeifuta. Si jambo kubwa, ni kazi ya siku tatu. Lakini hiyo ndiyo sababu watu hupanga mapema! Unagundua ukiwa na nafasi ya kugundua.

Wachira alifanya kazi vizuri leo. Alicheka hata. Nikamkumbuka Wachira wa zamani.

Tulipeleka matokeo kwa Fabian. Hakutukaribisha kukaa. Alisema natafuta kazi ili nionekane wa maana. Alisema ninaogopesha watu, na mtu anayeogopesha watu ni hatari kuliko kompyuta yoyote. Haya yote kwa sauti ya upole, kama mhubiri.

Wachira akasema ndiyo, bosi.

Jumatatu, 1 Septemba

Muda wa toleo umekwisha jana. Leo mfumo umeamka kama kawaida. Fabian alipita mezani kwangu na kikombe chake, akasema, “Madam, naona dunia bado ipo.” Watu wawili wakacheka.

Nilijizuia. Nilimfuata ofisini na kumweleza lile lingine, lile lisilo la kubahatisha. Mashine zetu hutambuana kwa vyeti vya ndani. Cheti kinaishi mwaka mmoja. Kila unapopandisha toleo, vyeti vinajifanya upya vyenyewe, ndiyo maana hakuna anayevikumbuka. Sisi hatujapandisha tangu mwaka jana tarehe 23 Septemba. Nilipandisha mimi, saa tatu asubuhi. Basi tarehe 23 mwezi huu, saa tatu na dakika kumi na nne, vyeti vyote vinakufa.

Akauliza, mfumo utazimika dakika hiyo? Nikasema ukweli: hapana. Kontena zinazokimbia, yaani zinazofanya kazi, zitaendelea kukimbia. Lakini mashine ikizimika na kuwaka tena, nyingine hazitaitambua. Itabaki nje ya mlango.

“Kwa hiyo mpaka izimike.”

“Bosi, ni amri moja. Robo saa. Naweza kuifanya sasa hivi.”

Akasema amri ya kutogusa ni amri ya kutogusa. Nikamwambia, basi nitaifanya bila ruhusa, unifukuze baadaye.

Sikupaswa kusema hivyo. Lakini nilisema.

Jumatano, 3 Septemba

Neno langu la siri limekataliwa. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea herufi. Mara ya tatu nikaelewa.

Wachira alikuwa amekaa hapo hapo, mita moja, anatazama skrini yake bila kuandika chochote. Nikamuuliza ni wewe? Akasema aliambiwa. Sasa yeye ndiye msimamizi wa jukwaa, mimi nimehamishiwa kujibu simu za kliniki: kipanya hakifanyi kazi, printa imekula karatasi. Miaka minne nimelijenga jukwaa hili. Ninajua kila mashine kwa mlio wa feni yake.

Sikumpigia kelele. Nilikaa nikamwandikia hatua zote za kuvifanya vyeti upya kwenye karatasi mbili, amri kwa amri, tarehe nimeipigia mstari mara mbili. Nikampa mkononi. Akasema ataifanya kazi hiyo kabla ya tarehe kumi na tano.

Ijumaa, 12 Septemba

Wageni wameahirisha. Watakuja Jumanne ya tarehe 23.

Tarehe 23!

Nilimwendea Wachira. Akasema Fabian amemwambia sasa ndiyo asiguse kabisa, akigusa na kikaharibika kitu wiki ya wageni, abebe vitu vyake. Nikasema utagusa lini? Akasema Jumatano, tarehe 24, wakishaondoka. Siku moja tu, Naswa. Kontena zitaendelea kukimbia, wewe mwenyewe ulisema.

Ndiyo. Mimi mwenyewe nilisema.

Jumanne, 23 Septemba

Naandika nimekaa kitandani na viatu miguuni.

Saa tatu na dakika kumi na nne ilipita kimya. Nilikuwa naiangalia saa ya ukutani. Wageni walikuwa ukumbini, fulana zilikuwa bluu. Kila kitu kilifanya kazi, na Mungu anisamehe, kuna sehemu yangu ilisikitika kwamba kimefanya kazi.

Saa tano chai. Watu wa chakula walileta mitungi miwili ya umeme ya kuchemshia maji. Ukumbini soketi zilikuwa zimejaa, wakachomeka kwenye korido, kwenye laini ile ile ya chumba cha mashine. Hakuna aliyewaambia wasifanye hivyo, wangejuaje? Swichi ikakatika. Betri ya akiba, ambayo nayo niliandika barua juu yake mwaka jana, ilishika dakika mbili ikafa. Mashine zote kumi na mbili, giza. Askari wa mlango akarudisha swichi baada ya dakika sita.

Siku nyingine yoyote mashine zingeamka, zingesalimiana, na baada ya dakika kumi hakuna ambaye angejua. Leo ziliamka na hazikujuana. Kila moja imekaa peke yake, inabisha hodi, inakataliwa. Kliniki ishirini na sita, skrini nyeupe.

Simu zilianza zote pamoja. Na mimi ndiye wa simu.

Fabian aliingia akiwa na macho mekundu. Akaniambia rekebisha. Nikamwambia siwezi, mliniondoa. Akamwambia Wachira anirudishe. Wachira akasema kwa sauti ndogo kwamba kumrudisha mtu kunahitaji mfumo uwe hai. Kwa hiyo tulifanya hivi: Wachira kwenye kibodi, mimi nyuma yake nasoma zile karatasi mbili. Alikuwa nazo mfukoni. Amezikunja ndogo kama tiketi.

Mashine kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Vidole vyake vilikuwa vinateleza. Alikosea, tukarudia. Saa sita na nusu Perez akapiga. Amepokea mwanamke, Apiyo, amekuja na shemeji yake, homa kali, kifua, anaongea ovyo kwa joto. Tabibu wa zamu anataka kumchoma sindano. Shemeji hajui kama kuna dawa inayomdhuru. Perez anadhani anamkumbuka huyu mama, anadhani kuna kitu kwenye kadi yake, lakini wagonjwa elfu mbili, hawezi kuapa.

“Naswa, nisubiri au nisisubiri?”

Nikasema nusu saa. Nusu saa mfumo utakuwa umerudi.

Walisubiri saa nzima. Mgonjwa akashikwa na degedege. Tabibu akaamua kumchoma ile sindano.

Saa nane kasorobo Perez alipiga tena. Simu ilikuwa na kelele za watu nyuma. Alisema Apiyo amevimba koo, wamempa dawa ya dharura, gari la wagonjwa liko njiani. Hakulia. Alisema tu na kukata.

Mfumo ulirudi saa tisa kasoro dakika kumi. Nilimwambia Wachira afungue kadi hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Iko pale, mstari mwekundu juu kabisa, umeandikwa na Perez mwenyewe mwaka 2023: ASIPEWE PENISILINI.

Wachira alitoka nje na hakufunga mlango.

Jumatano, 24 Septemba

Nimekwenda hospitali kubwa ya mjini. Apiyo anapumua kwa mashine. Miaka ishirini na tisa. Walisema ubongo ulikosa hewa, hawajui kwa muda gani. Mume wake, Okinyi, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amesimama dirishani na nguo zake za kazi zenye matundu ya moto. Sikumkaribia. Ningemwambia mimi ni nani?

Perez alikuwa kwenye benchi. Yeye na tabibu wamesimamishwa kazi. Tulikaa. Halafu akaniuliza, bila kunitazama:

“Siku ile ulikunywa chai yangu. Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

Aliinuka, akachukua mkoba wake, akaenda kukaa benchi lingine.

Nimemkasirikia Fabian miezi minane. Nilikuwa hodari kwa hilo. Nina barua, nina tarehe, nina picha. Lakini pale Kisian hapakuwa na Fabian. Palikuwa na mimi na kikombe.

Ijumaa, 26 Septemba

Ripoti imetoka. Kurasa nne. Chanzo: hitilafu ya umeme iliyosababishwa na watoa huduma wa chakula. Chanzo cha pili: wahudumu wa kliniki kutomhoji mgonjwa ipasavyo. Kutomhoji mgonjwa! Mtu aliyekuwa anazungumza na ukuta!

Hakuna neno toleo. Hakuna neno cheti. Hakuna Februari wala Aprili.

Idara yote inatakiwa kutia sahihi. Wachira ametia. Fabian aliniita, safari hii akanipa kiti. Alisema amesoma upya mpango wangu na ni mzuri sana. Ameidhinisha Jumamosi tatu, kuanzia tarehe nne. Haki zangu za kuingia kwenye mfumo zimerudishwa. Anataka kunipa cheo, msimamizi wa mipango ya matoleo. Nitaandaa kalenda ya kila jukwaa, lini linaisha, lini tunapanda, na hakuna atakayeipinga. Kisha akaisukuma ripoti upande wangu na kalamu juu yake.

Kila nilichoomba kilikuwa mezani.

Nilimwuliza, na Perez? Akasema Perez ni mtu mzima, atapata kazi kwingine.

Nimetoka na ripoti bila sahihi. Nimekwenda chini mapokezi na kuandika taarifa yangu kwenye karatasi ya kawaida. Barua zangu za Februari na Aprili nimeambatisha, na majibu ya Fabian, na ile barua pepe yake ya kutogusa. Nimeandika pia: tarehe 12 Agosti Sista Perez aliniuliza, nami nikamjibu hakuna shida. Hiyo sentensi ilinichukua muda mrefu kuliko kurasa zote. Nimempelekea Daktari Emmaculate, mkurugenzi wetu, mkononi. Aliisoma amesimama. Akasema kikao cha kulijadili jambo hili ni Jumatatu ya tarehe 6, na mpaka hapo idara nzima isizungumze na mtu.

Jumapili, 28 Septemba

Apiyo amefumbua macho. Hajasema neno. Walimletea mtoto wake wa miaka minne, akamtazama kama anavyotazama pazia.

Sikuenda kanisani. Nimefua kila kitu ndani ya nyumba.

Jumamosi, 4 Oktoba

Chumba cha mashine, saa nne asubuhi. Kikao ni kesho kutwa, na hata wakinifukuza, jukwaa haliwezi kukaa hivi wiki nyingine. Kwa hiyo tumekuja kupanda ngazi ya kwanza. Mimi na Wachira, hatusemezani ila namba na amri. Programu ya maabara tumeirekebisha Alhamisi. Mashine tatu zimekwisha panda. Sasa ya nne inahamisha kontena zake kwa jirani, taratibu, moja moja, bila kliniki yoyote kuhisi. Dakika ishirini za kungoja. Naandika.

Ni rahisi mno! Hilo ndilo linaloniumiza. Hakuna aliyetoka jasho. Ndege wanalia dirishani.

Wachira amesema kitu sasa hivi. Amesema Jumatatu ataifuta sahihi yake kwenye ripoti. Nikamwuliza, na shule ya mtoto? Akageukia mashine ya nne. Sijui kama nimwamini. Aliahidi pia ile tarehe kumi na tano.

Simu ya mezani. Askari wa mlango. Anasema kuna mtu amekuja, hana miadi, hajui jina la anayemtafuta. Anamtafuta yule anayeshika kompyuta za kliniki. Ni mume wa yule mama. Ana bahasha ya hospitali mkononi, na mtoto wa kike.

Wachira amenong'ona kwamba tumekatazwa. Mkurugenzi amesema tusizungumze na mtu. Mwambie askari hatuko, arudi Jumatatu, amwone Fabian. Ni sahihi kabisa. Ni utaratibu.

Askari anangoja kwenye simu. Namsikia Okinyi nyuma yake akimwambia mtoto akae vizuri kwenye kiti.

Nimesema ampandishe.

Wachira amesukuma kiti chake nyuma lakini hajatoka. Mashine ya nne bado kontena mbili. Nasikia viatu kwenye ngazi, vizito, na vingine vidogo vinavyoruka vidato. Sijui nianze na jina langu au nianze na kile kikombe cha chai.